Kifaa Kisichoweza Kujibu

Kifaa cha kuitia msaada milimani kilikuwa cha kuenea kiganjani, cha rangi ya machungwa iliyopauka upande mmoja kwa kukaa juani. Inspekta alikivuta kwake juu ya meza, akakisukuma, akakivuta tena. Koplo, aliyekuwa amesimama mlangoni na funguo za gari mkononi, alikuwa amefanya kazi naye miaka sita na aliujua mchezo huo. Maana yake ilikuwa kwamba siku hiyo hakuna wa kula kwa wakati.

"Soma tena," alisema Inspekta.

Koplo aliifungua karatasi ya fundi wa maabara. "Kifaa hakina kasoro. Kiliwashwa Jumatano, saa nne na dakika thelathini na nane asubuhi. Kiliita mfululizo kwa saa thelathini na moja, mpaka betri ikaisha."

"Mpaka Alhamisi jioni."

"Ndiyo, afande. Saa kumi na moja na nusu na kidogo."

Mwenye kifaa alikuwa mpima mvua. Kila baada ya miezi mitatu alipanda milimani kusoma vipimo vya idara ya maji, na kila mara alirudi. Safari hii wachunga mbuzi walimkuta Jumapili chini ya korongo, paja limevunjika. Alikuwa na fimbo mbili za kutembelea. Moja alikuwa ameifunga mguuni kwa kamba za viatu ili mfupa usitikisike. Ya pili alikuwa ameisimamisha katikati ya mawe, akafunga kifaa kwenye ncha yake, antena ikielekea juu. Marehemu alifanya kila alichotakiwa kufanya, tena kwa mpangilio, na jambo hilo lilimuudhi Inspekta kuliko yote. Yeye alizoea marehemu waliokosea.

"Na kituo cha uokoaji kilisikia," alisema.

"Mara tatu, ndani ya dakika arobaini. Kisha kimya. Wanasema korongo ni jembamba mno, mbingu yenyewe inaonekana kama utepe. Setilaiti ikishapita juu yake, basi." Koplo alikunja karatasi. "Na mwendesha mashtaka amepiga tena. Saa nane mchana anampandisha mtu wa zamu kizimbani. Uzembe uliosababisha kifo."

Inspekta alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Faili lote la mtu wa zamu lilisimama juu ya mstari mmoja kwenye daftari la kituo cha uokoaji, ulioandikwa kwa kalamu ya bluu: *Mama mzazi amethibitisha. Jaribio la kifaa. Imefungwa.* Na mama mzazi, chini ya kiapo, alikuwa amesema hakuna mwokoaji yeyote aliyewahi kumpigia simu. Mmoja kati ya hao wawili alikuwa anadanganya, na mwendesha mashtaka alishachagua nani.

"Mlete," alisema Inspekta.

Mtu wa zamu alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba hivi, amekonda kwa siku tano za mahabusu kiasi kwamba shati lilimning'inia. Hakuinua macho mpaka alipoona kifaa mezani. Hapo ndipo Inspekta alipomwona akikunja vidole.

"Nieleze simu ile. Usiache kitu."

"Nimeshaeleza mara nne, afande."

"Ya tano nitaisikiliza mimi."

"Ishara ya kwanza iliingia saa nne na dakika arobaini na mbili. Nikatafuta namba ya kifaa kwenye orodha, nikapata fomu. Mtu wa kwanza wa kupigiwa ni mama. Wa pili ni kaka. Nikampigia mama saa nne na dakika hamsini na moja."

"Kwa simu ya nani?"

"Yangu. Laini ya ofisi ilikuwa imekatika wiki ya pili hiyo. Kila anayeingia zamu anatumia yake mwenyewe."

"Ndiyo maana hakuna sauti iliyorekodiwa."

"Ndiyo maana niko hapa," alisema kijana, bila ukali.

Inspekta alikuwa na karatasi ya kampuni ya simu mbele yake. Simu ilipigwa kweli, ikapokelewa, ikadumu dakika moja na sekunde hamsini. Koplo aliiona tangu jana na akatoa hukumu yake papo hapo: mama anadanganya. Alipoulizwa kwa nini mama adanganye juu ya mwanawe aliyekufa, Koplo aliirudia hukumu ileile.

"Ulijitambulishaje?"

"Nilisema napiga kutoka kituo cha uratibu, kuhusu kifaa cha mwanao."

"Hukutaja uokoaji? Hukutaja ajali?"

Kijana alisita. "Tumekatazwa. Mwaka juzi mwenzetu alimwambia baba mmoja 'napiga kutoka uokoaji', mzee akaanguka na simu mkononi, na kumbe mtoto alikuwa amekalia kifaa kwenye gari. Tangu hapo agizo ni moja. Uliza kwanza, taja baadaye."

"Akajibu nini?"

"Hakushtuka. Ndilo lililonituliza. Alisema, 'Ndiyo, baba, wanajaribu. Waambie wenzako wasihangaike.' Akaniuliza kama nimekula."

"Alisema wanajaribu kabla hujauliza, au baada?"

Siku tano kijana alikuwa ameulizwa yeye alisema nini na mama alisema nini. Hakuna aliyemuuliza nani alitangulia.

"Kabla," alisema polepole. "Nilitaja kifaa tu. Swali sikuliuliza kabisa."

"Na mtu wa pili?"

"Kaka? Hapatikani. Nikasubiri. Saa tano na dakika ishirini na mbili ishara ikakatika, nikajua wamekizima. Nikafunga." Alikitazama kifaa. "Helikopta ilikuwa uwanjani, afande. Imejazwa mafuta. Rubani alikuwa anasoma gazeti. Ningeinua mkono tu pale dirishani angeniona."

Akaanza kulia, si kwa sauti, na Inspekta alimwacha. Hakuwa na neno la kumpa ambalo lingekuwa kweli.

Ndani ya gari Koplo alirudia hoja yake. "Si nilikwambia? Mama alisema. Amekana kwa sababu anaogopa."

"Mtu akipigiwa simu na asiyemjua kuhusu mwanawe aliye milimani, anauliza nini kwanza?"

"Kuna nini?"

"Hakuuliza. Alikuwa na jibu mkononi akisubiri swali." Inspekta alifunga mkanda. "Twende dukani."

Duka la vifaa vya safari lilikuwa ghorofa ya chini ya jengo la ofisi, kati ya kinyozi na wakala wa bima. Ndani kulikuwa na mahema yaliyoning'inizwa, viatu vya milimani vilivyopangwa kwa namba, na kaunta ya kioo. Mwenye duka watu walimwita Betri, kwa sababu hakuna mteja aliyetoka pale bila kuhubiriwa juu ya betri. Alipowaona polisi alivua miwani na kuifuta, ingawa ilikuwa safi.

"Kama ni kuhusu kile kifaa, dada, mimi nauza vitu vipya. Kaka wa marehemu amesema hadharani niliwauzia kibovu. Wateja wameanza kunipita nje kama nina ukoma."

"Kilikuwa kizima," alisema Inspekta. "Fundi wetu amethibitisha."

Betri alirudisha miwani usoni na mabega yake yakashuka. Alikuwa tayari sasa kusema chochote, na Inspekta alijua kwamba mtu wa namna hiyo huulizwa upesi kabla hajakumbuka kuwa mwangalifu.

"Nifundishe kuchagua. Mimi nakwenda milimani kesho. Niuzie."

Betri alifurahi kikweli. Alitoa vifaa viwili chini ya kioo, akaviweka juu ya kitambaa, kimoja cha machungwa na kimoja cha kijani chenye kioo kidogo kama cha simu.

"Watu wananiuliza kipi bora. Swali baya. Uliza kwanza, nikiumia nitataka kufanya nini? Hiki cha machungwa ni cha kuita tu. Unavunja lakiri, unainua antena, unabonyeza. Kinapiga kelele mpaka angani: niko hapa, nakufa, njooni. Hakina malipo ya mwezi, betri yake inakaa miaka kabla ya kutumika, nguvu yake kubwa. Lakini ni cha upande mmoja. Hakiambii chochote wewe uliyekishika, na huwezi kukiambia zaidi ya hapo."

"Na cha kijani?"

"Hiki kinaongea. Unaandika ujumbe, unakwenda kwa setilaiti, wanakujibu. Umevunjika mguu au umeumwa na nyoka, wanajua walete nini. Kasoro yake unalipia kila mwezi, na betri unaichaji kama simu. Wengi wanaona ni usumbufu. Mimi nawaambia, chagua chochote, ila kaa nacho mwilini. Usikitie mkobani. Ukianguka, mkoba unakwenda huku na wewe kule."

"Marehemu ulimwambia hivyo?"

"Nilimwambia mbele ya kaka yake. Akakifunga kifuani palepale dukani."

Inspekta alikigusa cha machungwa. "Alichagua hiki."

"Hapana," alisema Betri.

Koplo, aliyekuwa akijaribu buti, alisimama na mguu mmoja ndani.

"Marehemu alichagua cha kijani," alisema Betri. "Ijumaa. Alikaa hapa saa nzima, akauliza kila kitu, akajaza fomu, akaondoka nacho. Jumamosi akaja kaka peke yake. Akasema mdogo wake amelala akafikiri, anaona kina mambo mengi, anataka cha kawaida. Nikambadilishia. Jumapili jioni wakapita wote wawili na mizigo, ndipo nikawaonyesha jinsi ya kukifunga kifuani. Mdogo alionekana kushangaa kidogo. Kaka akamwambia cha kijani kimeisha dukani, watampa akirudi."

"Wewe ukanyamaza?"

Betri alikuna shingo. "Nilidhani ni mambo yao ya nyumbani. Kaka mkubwa akishaamua, nani anataka kumwaibisha mbele ya mdogo wake?"

"Fomu ziko wapi?"

Alikuwa anatunza kila kitu, kama watu wanaohubiri wanavyotunza. Fomu ya Ijumaa ilikuwa na maandishi madogo ya mpima mvua, yaliyonyooka kama tarakimu za vipimo vyake. Mtu wa kwanza wa kupigiwa: mkuu wake wa kazi, idara ya maji. Mama hakutajwa popote. Pembeni alikuwa ameandika kwa ufupi: *mama ana presha, asipigiwe.* Fomu ya Jumamosi iliandikwa na mkono mwingine, mkubwa, ulioegemea kushoto. Mtu wa kwanza: mama mzazi. Wa pili: kaka.

Inspekta alisoma maneno yale ya pembeni mara mbili.

"Huyo kaka aliuliza chochote Jumamosi?"

"Moja tu. Wakipata ishara wanafanya nini kwanza. Nikamwambia wanampigia mtu wa kwanza kwenye fomu. Akasema, na huyo akisema ni jaribio? Nikamwambia, basi wanangoja; ishara ikikatika, wanafunga." Betri alikuwa anasema na huku anasikia anachosema, sauti yake ilianza kufifia. "Wateja wangu huuliza upuuzi kutwa nzima, dada. Yule aliuliza swali la maana. Nilifurahi."

"Swali la mwisho. Nimelala korongoni na mguu umevunjika. Mtu amekiambia kituo kwamba najaribu kifaa. Kipi kati ya hivi viwili kingeniokoa?"

Betri aliketi kwenye kiti chake. "Cha kijani. Hata kama ujumbe ungechelewa humo korongoni. Wangekuandikia, je, ni jaribio? Ungejibu hapana."

"Na hiki?"

"Hiki kinalia tu," alisema Betri. "Hakiwezi kubishana na mtu."

Inspekta alichukua fomu zote mbili, akaziandikia stakabadhi. Nje, Koplo alifungua mlango wa gari na kubaki ameushika.

"Fomu si kosa la jinai, afande. Atasema alimhurumia mama, akataka awe wa kwanza kujua. Swali atasema ni swali."

"Najua."

"Na ile hadithi yake ya njia panda? Kwamba waliachana Jumatano alfajiri, goti likamsumbua, yeye akashuka na mdogo akaendelea?"

"Toka njia panda mpaka korongoni ni robo saa. Kifaa kiliwashwa saa nne na nusu na zaidi. Hebu niambie, mpima mvua alikuwa anafanya nini pale kwa muda wa saa nne nzima? Anapiga mluzi?" Inspekta aliingia garini. "Walikuwa pamoja alipoanguka. Lakini hata hilo atalikwepa. Mtu mmoja tu anaweza kutueleza kwa nini jibu lilitangulia swali, na hajui kwamba anajua."

Nyumba ya mama ilikuwa ya matofali, yenye kibaraza cha saruji na madirisha yaliyopakwa rangi mpya. Marehemu baba alikuwa ameiandika kwa jina la mdogo, kwa sharti kwamba mama aishi humo mpaka mwisho wake. Inspekta aliyasoma hayo kwenye faili na kuyaona ya kawaida. Alipoingia sebuleni hayakuwa ya kawaida tena. Kwenye ukuta uliotenga sebule na chumba cha mdogo kulikuwa na mistari ya chaki, iliyonyooka, na vipimo vimeandikwa juu yake kwa mkono mkubwa ulioegemea kushoto. Futi ya chuma ilikuwa juu ya kabati. Mazishi yalikuwa yamepita siku sita.

"Karibuni, karibuni," alisema kaka mkubwa. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na nane, mnene, mwenye adabu. "Mama amechoka, lakini kwa ajili ya haki atazungumza. Yule kijana amekiri?"

"Bado tunakusanya maelezo."

"Asiachiwe, afande. Mtu analipwa kuokoa watu, anafunga daftari." Alitikisa kichwa. "Ngoja niwaletee chai."

Alitoka kwenda jikoni. Mama alikuwa amekaa kwenye kochi karibu na dirisha, mwembamba, simu ya vitufe mapajani. Inspekta hakukaa mbali naye kama polisi wanavyokaa. Alikaa kando yake, magoti yakikaribiana, kwa sababu alitaka kusikia na kwa sababu alimwonea huruma.

"Pole, mama. Nitakuuliza kidogo tu."

"Uliza, mwanangu."

"Ulituambia hakuna mwokoaji aliyekupigia Jumatano."

"Hakuna. Naapa tena ukitaka. Angenipigia ningewaita watu wote wa mtaa huu, ningepanda mlima kwa magoti."

"Nakuamini. Kuna mtu mwingine yeyote aliyekupigia siku hiyo?"

Mama alifikiri. "Dada yangu asubuhi. Halafu wale wa kifaa."

Koplo, aliyekuwa karibu na mlango, aligeuza kichwa. Inspekta hakubadilisha sauti. "Wale wa kifaa ni nani?"

"Wa dukani, waliouza kile kifaa. Walikuwa wapige kuhakiki kama kinafanya kazi. Kijana mmoja hivi, mpole sana. Nikamwambia ndiyo, wanajaribu, msihangaike."

"Ulijuaje kwamba watapiga?"

"Niliambiwa. Hata siku niliwekewa alama nisije nikasahau, maana kichwa changu siku hizi." Alinyanyua mkono kuelekea ukutani, nyuma ya mlango.

Kalenda ilikuwa ya wakala wa bima, yenye picha ya daraja. Jumatano ile ilikuwa imezungushiwa duara kwa kalamu nyekundu, na ndani ya duara, kwa mkono mkubwa ulioegemea kushoto, kulikuwa na maneno mawili: *saa nne.*

"Uliwekewa lini, mama?"

"Jumapili, kabla hawajaondoka."

"Na nani?"

Vikombe viligongana. Kaka mkubwa alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na trei mikononi, na haikujulikana amesimama hapo tangu lini.

"Na huyu hapa," alisema mama.

Mama alimtazama mwanawe, akamtazama Inspekta, kisha akaitazama kalenda kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mwenyewe. Inspekta aliona kila hatua ikipita usoni pake, moja baada ya nyingine, na alitamani angekuwa katika chumba kingine, katika kazi nyingine.

"Yule kijana wa kwenye simu," alisema mama. "Hakuwa wa dukani."

"Hapana, mama."

"Ndiye mliyemfunga."

"Ndiye."

"Nilimuuliza kama amekula." Mama alishika simu kwa mikono miwili. "Sasa niambie wewe, maana hawa wote wananificha. Wakati naongea na yule kijana, mwanangu alikuwa amekwisha kufa?"

Hapo palikuwa na nafasi ya uongo mmoja mdogo, wa huruma, ambao usingemdhuru mtu. Ila kesho kutwa angeusikia ukweli mahakamani kutoka kwa wakili asiye na huruma. Inspekta alimshika kiwiko.

"Alikuwa hai. Alikuwa ameita dakika kumi na tatu kabla."

"Akaita mpaka lini?"

"Mpaka Alhamisi jioni."

Mama hakulia. Alitikisa kichwa polepole, mara nyingi, kama anayehesabu. "Alhamisi jioni nilikuwa natandika kitanda chake," alisema. "Alisema atarudi Ijumaa."

"Mama, usiwasikilize." Kaka mkubwa aliweka trei juu ya kabati, juu ya ile futi, chai ikamwagika. "Wanakuchanganya. Ilikuwa mimi na yeye tujaribu kifaa, tulipanga hivyo, kisha goti likaniuma nikashuka. Ningejuaje kwamba ataanguka siku hiyohiyo? Ni ajali. Wanatafuta mtu wa kumwokoa yule mzembe wao."

"Ulipanga jaribio," alisema Inspekta. "Kwenye maelezo yako hakuna jaribio. Kuna ukurasa mzima wa goti."

"Nilisahau."

"Ulibadilisha kifaa Jumamosi. Ukamwondoa mkuu wake wa kazi kwenye fomu ukamweka mama, ambaye mdogo wako aliandika asipigiwe kwa sababu ya presha. Ukamuuliza mwenye duka, itakuwaje huyo akisema ni jaribio. Hayo nayo ulisahau?"

Kaka mkubwa aligeukia kochi, akapiga magoti mbele ya mama yake. Adabu yote ilikuwa imemwisha usoni.

"Mama. Sema hukumbuki. Umechoka, una presha, hakuna atakayekulaumu. Sema hukumbuki nani aliandika." Alimshika mikono. "Mimi ndiye niliyebaki."

Koplo alitaka kusogea. Inspekta alimzuia kwa jicho. Hati ya upekuzi hawakuwa nayo, kalenda ukutani ilikuwa kalenda tu, na maneno waliyoyasikia yalikuwa bado hayajaandikwa. Kama mama angesema hakumbuki, saa nane kijana wa zamu angepanda kizimbani, na jioni mistari ya chaki ingekuwa mlango wa chumba cha marehemu. Kila mtu mle ndani alilijua hilo, na mama alilijua zaidi.

Mama alimpangusa mwanawe jasho kwenye paji la uso kwa ncha ya mtandio, kama alivyompangusa miaka thelathini na kitu iliyopita.

"Najua wewe ndiye uliyebaki," alisema. "Ondoka miguuni pangu, ukae kwenye kiti."

Akaondoka, akakaa. Mtu mzima, mwenye tumbo, alikaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango na kuweka mikono mapajani.

"Andika, mwanangu," mama alimwambia Inspekta.

Inspekta aliandika. Jumapili, kabla ya safari. Duara jekundu. Aliyezungusha. Alichoambiwa aseme. Alichosema. Mama alieleza kwa mpangilio, bila kurudi nyuma, na Inspekta aliona mpima mvua alikopata mkono wake ulionyooka. Mahali pamoja tu alimsimamisha. Inspekta alikuwa ameandika "mtuhumiwa", na mama aliweka kidole juu ya neno hilo.

"Futa hilo. Andika 'mwanangu wa kwanza'. Nisije nikaulizwa huko nikajifanya simjui."

Inspekta alifuta, akaandika. Koplo alikuwa ameshaitoa kalenda kwenye msumari na kuitia kwenye bahasha, na sasa alisimama nyuma ya kiti cha mbao na pingu mkononi, akingoja. Kaka mkubwa hakuinua macho kutoka sakafuni.

"Yule kijana anapelekwa mahakamani saa ngapi?" aliuliza mama.

"Saa nane. Nikifika na karatasi hii kabla ya hapo, hapandishwi."

"Basi nipe kalamu."

Maelezo yalikuwa kurasa nne, na sheria ilitaka sahihi chini ya kila moja. Mama aliandika jina lake polepole kwenye ya kwanza, akaandika kwenye ya pili, kwenye ya tatu. Akamaliza ya nne. Kisha akainua kichwa, kalamu bado iko vidoleni, akauliza kama kuna ukurasa mwingine.